Mkono Ukandao na Moyo Uliofadhaika

Katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ya mama mmoja wa huku huku wilaya ya Same. Hakupenda jina lake litajwe, nasi twaitunza amana yake. Anaeleza ya kwamba mumewe alinusurika katika ajali ya gari. Mifupa imeunga na majeraha yamekauka, lakini tangu siku ile mtu yule si yule. Usiku hugutuka kwa ukelele. Mchana huketi barazani akautazama ukuta wa jirani. Na akisikia breki za gari hutokwa na jasho hata katika baridi ya Julai. Shangazi yake mume huyo, mtu mzima, huja mara mbili kwa juma kumkanda miguu na mgongo kwa mafuta ya nazi, na usiku ule aliokandwa hulala mpaka adhana ya Alfajiri. Lakini majirani wanamcheka. Mmoja anasema huyo ana jini, apelekwe kwa mganga. Mwingine anasema imani yake imepungua. Basi mama huyu anauliza: Je, kukanda huku kuna faida ya kweli, au twajidanganya? Na dini yetu yasemaje?

Tumeona tulijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa nyumba zenye shida kama hii hapa kwetu si chache.

Kwanza twapenda ijulikane ya kwamba maradhi haya yapo, wala si mzaha. Watu wa Same wanaikumbuka jioni ya tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, basi na gari dogo la abiria vilipogongana na kushika moto katika barabara kuu iendayo Moshi. Wakafa watu wasiopungua 38, wengi wao wakiungua hata wasitambulike. Na wazee wa milimani hawajaisahau Novemba ya mwaka 2009, mvua kubwa ilipoporomosha mlima katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba, udongo ukazifukia nyumba na watu zaidi ya 20 wakafa. Misiba ya namna hii huhesabiwa kwa maiti waliozikwa. Ama waliobaki hai, na waliochimba udongo kwa mikono kuwatafuta ndugu zao, na waliofika penye moto wakashindwa kuokoa, hao hawaandikwi katika hesabu yoyote. Hurudi makwao wakaambiwa: Mshukuru Mungu mmepona.

Wazee wetu walikuwa na majina ya mambo haya: walisema hamu, ghamu na jitimai. Matabibu wa leo huita wasiwasi ile hofu isiyoondoka hata pasipo na cha kuogopwa. Huita sonona ile huzuni ivunjayo nguvu za mtu kwa majuma mengi, asitamani chakula wala kazi wala mazungumzo. Na huita kiwewe lile jeraha libakialo katika nafsi baada ya jambo la kutisha, likamrudisha mtu pale pale kila asikiapo sauti au harufu ya siku ile.

Wala si haki kusema kwamba kila mwenye huzuni ni dhaifu wa imani. Nabii Yaakub a.s. aliyalilia mapenzi ya mwanawe hata macho yake yakageuka meupe, naye ni Nabii. Na Mtume wetu s.a.w. alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni katika dua zake. Nani ajikingaye na kitu kisichokuwapo? Wanavyuoni wetu wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Humo alizieleza hofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi kuwa ni maradhi ya nafsi yenye matibabu yake, kama mwili ulivyo na maradhi yake na matibabu yake. Na kwamba kimoja kikiugua, mwenziwe naye huumia.

Sisi tunaoandika haya hatuna ujasiri wa kuwalaumu majirani wa mama yule, maana nasi tumo katika kosa hilo. Miaka mingi iliyopita aliletwa chuoni kwetu mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi, aliyechukuliwa na nyanya yake baada ya kufiwa katika maporomoko ya mlimani. Siku za jua alisoma kama wenziwe. Lakini mvua ilipoanza kupiga bati, aliuacha msahafu akaenda kujikunyata karibu na mlango, wala hakuitika alipoitwa. Tulidhani ni utundu. Tulimkemea, kisha tukamchapa, si mara moja. Siku moja nyanya yake alikuja kumfuata mvua ikinyesha, akamkuta katika hali ile. Hakutuambia neno. Aliketi chini sakafuni, akaivua ile miguu viatu, akaiweka mapajani mwake, akawa anaikanda polepole kwa viganja vyake huku akisema naye kwa Chasu. Baada ya muda mtoto alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, akalala pale pale. Ndipo bibi yule alipotutazama akasema: Mwalimu, huyu haogopi fimbo yako, anaogopa mlima.

Neno lile halijatutoka. Mtoto yule hakumaliza msahafu kwetu. Alihamishwa, na hatuwezi kusema kwamba hatukuwa sababu. Mwaka jana tulikutana naye stendi ya Same, sasa ni kijana mwenye ndevu, afanyaye biashara ya tangawizi. Tukamwomba radhi. Alicheka akasema amesamehe, lakini mvua kubwa ikinyesha usiku bado hapati usingizi. Basi haya tuandikayo yahesabiwe kuwa sehemu ya deni letu kwake.

Sasa tuje kwenye swali: Je, kukanda kwafaa kitu?

Twajibu: Naam, kwafaa, kwa mpaka wake. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walizikusanya tafiti 37 juu ya kukanda na kuzipima pamoja. Waliona ya kwamba kukandwa mara moja hupunguza hofu ya wakati ule, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu hushuka. Lakini faida kubwa kupita zote waliiona kwa waliokandwa mara nyingi, kwa utaratibu, siku baada ya siku: wasiwasi wao wa kudumu na huzuni yao vilipungua kwa kiasi kinachokaribia kile kipatikanacho kwa mazungumzo na mganga wa nafsi. Hata hivyo tafiti nyingi za namna hii ni ndogo, na zile zihusuzo kiwewe hasa ni chache zaidi. Basi asitokee mtu akasema kwamba kukanda ni dawa ya kila kitu. Na lipo dai lililoenea sana, kwamba kukanda huondoa katika damu ile kemikali ya mfadhaiko iitwayo kotisoli. Uhakiki uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha ya kwamba badiliko hilo ni dogo mno. Hivyo faida ipo, lakini sababu yake si hiyo.

Sababu moja iliyo wazi zaidi ni hii. Katika ngozi yetu, hasa yenye malaika, Mwenyezi Mungu ameweka mishipa myembamba ya fahamu ambayo haifanyi haraka kupeleka habari, wala haitambui sana umbo la kitu. Kazi yake ni kuitikia mguso wa polepole, wa vuguvugu, kama ule wa mama ampapasaye mtoto. Wataalamu wa Sweden walioichunguza waliona ya kwamba huitikia zaidi mkono uendao kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ukienda upesi kuliko hapo, au ukisita mno, mishipa hiyo hunyamaza. Mkono wa mlezi huijua kasi hiyo bila kufundishwa. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha utabibu aliueleza mkando na aina zake: wa nguvu hukaza mwili, na wa laini huulegeza. Hayo ni maarifa ya kale, na nyumba zetu zimeyarithi kwa mikono zaidi kuliko kwa vitabu.

Hebu tutazame tunavyoyatumia. Mwanamke akijifungua, hukandwa kwa maji ya moto na kulelewa siku arobaini. Bibi arusi husingwa kwa liwa na mafuta ya karafuu. Mchezaji akiteguka mguu, huchuliwa. Lakini aliyefiwa, au aliyetoka katika ajali, au mama aliyepoteza mimba, huyo twampa mkono wa pole mara moja, kisha twaurudisha mfukoni. Siku ya tatu matanga yakianuliwa, majamvi hukunjwa, sufuria za watu hurudishwa, na mwenye msiba huachwa na kuta zake. Na hapo ndipo msiba wake hasa huanza.

Bibi Aisha r.a. alikuwa na ada njema katika jambo hili. Kukitokea kifo katika jamaa zake, na wanawake waliokuja kuhani wakisha kutawanyika, wakabaki watu wa nyumbani na walio karibu tu, ndipo alipoamuru upikwe uji wa talbina, maana alimsikia Mtume s.a.w. akisema kwamba uji huo huuliwaza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Tazameni wakati aliouchagua: si wakati wa umati, bali umati ulipokwisha. Na tazameni neno lile "baadhi": hakuna aliyeahidi kuondoa huzuni yote. Na ni yeye vile vile aliyesimulia kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akiwapitishia mkono wake wa kulia wagonjwa wa nyumbani mwake huku akiwaombea afya. Basi mkono wa rehema juu ya mwili wa mgonjwa si uzushi. Mwenye kusoma dua na akande, na mwenye kukanda na asome dua. Mambo haya mawili hayapigani.

Ama masharti ya dini ni haya. Mwanamume na akandwe na mwanamume mwenziwe, na mwanamke na mwanamke mwenziwe, au na mume, mke na maharimu, kila mmoja kwa mipaka yake. Kwa hiyo shangazi kumkanda mpwa wake miguu na mgongo hakuna ubaya, maana ni maharimu wake. Uchi usifunuliwe, kanga au shuka iwepo wakati wote, na pafunuliwe pale tu pakandwapo. Haja ya matibabu ina hukumu zake, lakini tabibu wa jinsia moja na mgonjwa akipatikana, huyo ndiye wa kutangulizwa. Kadhalika tahadharini na nyumba za mjini ziandikazo "masaji" mlangoni na ndani yake mna mambo mengine. Na tahadharini na waganga wajifungiao chumbani na wake za watu kwa kisingizio cha kuwakanda ili kutoa jini. Sheria ya nchi ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kuwaandikisha waganga wa tiba asili na tiba mbadala. Basi ulizeni cheti, na mwanamke asiingie peke yake.

Sasa tueleze namna ya kukanda nyumbani, kwa kuwa jambo lisilo na adabu laweza kudhuru.

La kwanza ni ruhusa. Mwulize mgonjwa kila mara, hata kama jana alikubali: Nikukande? Akikataa, mwache. Hili lina uzito mkubwa zaidi kwa aliyepigwa au aliyedhulumiwa mwili wake. Huyo mwili wake ulichukuliwa bila ridhaa, na mkono umjiao ghafla, hata wa mapenzi, waweza kumrudisha katika saa ile. Huenda kwa miezi mingi asitake kuguswa kabisa, nayo ni haki yake. Keti karibu naye. Ukaribu nao ni rehema.

La pili, anza mbali na kifua na shingo. Anza na miguu au viganja, mgonjwa akiwa amekaa mahali aonapo mlango. Mafuta ya nazi au ya ufuta yatosha, yaliyopashwa kidogo. Ukitumia kitambaa cha maji ya moto, jaribu kwanza moto wake katika kifundo cha mkono wako mwenyewe. Kanda polepole, kwa kiganja kizima, kwa robo saa au dakika ishirini. Robo saa mara mbili kwa juma, kila juma, ina faida kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka.

La tatu, yako mahali na nyakati ambapo hukandi. Usikande penye jeraha bichi, mfupa uliovunjika, uvimbe usiojulikana, wala mtu mwenye homa kali. Usiukande mguu mmoja uliovimba ukawa wa moto na kuuma, maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na mkono waweza kuisukuma mpaka mapafuni. Usilikande tumbo la mja mzito, wala usilivunje shingo la mtu kulia na kushoto kama wafanyavyo vinyozi wengine.

La nne, usimdai maneno. Watu wengi hudhani kwamba aliyeona mambo ya kutisha lazima alazimishwe kuyasimulia upesi ili apone. Sivyo, na wataalamu wa leo hawashauri hivyo. Sisi Wapare tunazijua ndiva zetu. Usiku maji ya kijito hukusanywa humo, na asubuhi tundu hufunguliwa, yakateremka kwa mfereji mpaka shambani. Aizibaye ndiva asiifungue, itapasuka. Na abomoaye ukuta wake kwa haraka, maji huchukua mbegu na udongo pamoja. Moyo wa mwenye kiwewe ni hivyo. Mkono wako wafungua tundu dogo. Akilia, mwache alie, punguza mkono, mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Akisema, sikiliza. Akinyamaza, nyamaza naye. Akitetemeka sana au macho yakawa kama hayakuoni, acha kukanda, mfunike, na mwite kwa jina lake mpaka arejee.

La tano, ijueni mipaka ya mkono. Hali ikizidi majuma mawili, mtu halali, hali, hafanyi kazi, hana raha na chochote. Au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Au akinywa pombe ili asahau. Huyo na apelekwe hospitali. Na akisema ya kuwa heri afe, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, msimwache peke yake hata saa moja, mpelekeni siku ile ile. Hospitali ya wilaya iko Same. Ya mkoa, Mawenzi, na ile kubwa ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ziko Moshi. Pasiwe na aibu katika hilo. Jirani zetu wa Usambara, pale Lutindi upande wa Korogwe, wamekuwa wakiwatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Na Mirembe ya Dodoma ipo tangu mwaka 1927. Wangapi walitoka huko wakarudi kulea watoto wao! Na apewaye dawa asiziache kwa sababu eti sasa anakandwa. Kukanda kufuatane na dawa, kusichukue nafasi yake.

Twaongeza neno kwa wanaume. Katika nyumba zetu mwanamke ana shoga, ana dada, ana somo wa kumshika mkono. Mwanamume akifika umri wa kwenda shambani, haguswi tena ila kwa salamu ya mkono, na akilia huambiwa jikaze. Dereva aliyeona moto, kijana aliyeifukua maiti ya kakaye, hao nao wana ngozi na mishipa kama wengine. Ndugu wa kiume wakandane mabega baada ya kazi. Mtoto amkande babaye miguu jioni. Baba ampapase kichwa mwanawe hata kama ana miaka kumi na mitano. Haya si ya kike. Mtume s.a.w. aliusia kupapasa kichwa cha yatima, wala hakutaja kuwa ni kazi ya wanawake peke yao.

Basi kwako mama uliyetuandikia, jibu letu ni hili. Hujidanganyi. Huyo shangazi anafanya kazi njema. Mshukuru, wala usiwasikilize wanaocheka. Jifunze kwake kasi ya mkono wake, maana yeye ni mtu mzima na usiku ni mwingi. Mpeleke mumeo hospitali mara ya pili, na safari hii waambie habari za usiku na za breki, kwa sababu wale wa kwanza walitibu kile walichoonyeshwa. Omba dua zako, wala usikate tamaa ukiona mwezi mmoja amelala na mwezi mwingine amegutuka. Jeraha la namna hii hupona kwa kwenda na kurudi. Na majirani wako, kama watakubali, wasomee ukurasa huu.

Nasi wasomaji wote twawaomba jambo moja kabla toleo lijalo halijatoka. Mkumbukeni mtu mmoja aliyefikwa na msiba mwaka jana, si juma lililopita. Nendeni kwake sasa, wakati hakuna umati. Pikeni uji mwende nao. Mkifika, ulizeni kama angependa kukandwa miguu.

Wabillahi tawfiq.